Shingo Iliyopimwa kwa Uzi

Ati Ewoi amemvisha mwanamke mwingine alagama!

Fununu hiyo iliingia soko la kambi ya Kakuma kabla jua halijawa kali, na tangu Adhel aisikie haikumtoka. Alipotunga uzi kwenye sindano, ilikuwepo. Alipokwenda bombani kuteka maji, aliikuta kwenye foleni inamngoja. Alipofumba macho kanisani ili aombe, nayo ikapiga magoti kando yake.

Aliyeileta ni Nyaruach, msusi wa kibanda cha pili, mwanamke wa moyo mzuri na mdomo usio na kufuli.

"Dadangu, mimi sipendi maneno," alianza. Anayeanza hivyo huwa ameyabeba kikapu kizima. "Lakini hebu angalia mwenyewe."

Adhel aliweka chini milaya aliyokuwa akiidarizi, yale mashuka ya maua ambayo wanawake wa Sudan Kusini huyashona mpaka macho yaume. Akapokea simu. Picha ilikuwa kwenye stetasi ya WhatsApp ya mtu wa Kalobeyei. Ewoi, mpenzi wake, amesimama juu ya daraja la mawe mjini Praha, koti la buluu, skafu shingoni, anacheka mpaka jino la mwisho. Kando yake msichana mnene mwenye koti la manjano na midomo myekundu, amegeuka ubavu, anacheka pia. Na shingoni kwake duara la chuma linang'aa: alagama.

"Hiyo si mkufu ya dukani," Nyaruach alisema. "Mimi ni Mnuer, lakini hata mimi najua. Mturkana anavisha bibi yake hiyo siku ya harusi. Na angalia rangi! Shaba! Wa pili angepewa ile nyeupe ya aluminiamu. Huyu ni bibi wa kwanza, dadangu."

"Ni nani?"

"Josiane. Mrundi. Alikuwa Kalobeyei zamani, kabla yeye na familia yake hawajapelekwa ng'ambo."

Adhel akairudia milaya yake. Sindano ikamchoma kidole na damu ikaanguka juu ya ua jeupe. Akachukua uzi mwekundu, akalifunika doa kwa ua lingine.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana huyu Ewoi hakuokotwa njiani.

Walikutana Lodwar siku ya tamasha la utamaduni. Mji ulikuwa umefurika. Vumbi la wachezaji lilipanda juu ya mapaa, harufu ya mbuzi wa kuchoma ikapita kila pembe, vipaza sauti vikagombana. Adhel alikuwa amepata kibali cha kutoka kambini, akatundika milaya zake kwenye kamba. Alivaa gauni la kijani lililomkaa kiunoni, nywele amesuka vidogo vidogo, na ile shingo yake, jamani! Waliokuja kununua mashuka walitazama shingo kwanza.

Mara kijana mmoja akachomoka kwenye duara la ngoma, shuka la miraba begani, nyoya la mbuni kofiani, jasho linamchuruzika. Akashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, akajifuta uso.

"We kaka! Hiyo ni milaya ya harusi, si taulo!"

"Pole, dada. Nilidhani ni ukuta."

"Ukuta wenye maua?"

"Siku hizi Lodwar tumeendelea."

Adhel alijikaza asicheke, akashindwa. "Umeichafua, utainunua."

"Nitainunua. Lakini umesema ni ya harusi, na mimi sina bibi. Nitailalia na nani?"

"Ilalie na jasho lako."

Basi jasho hilo ndilo lililoanza mambo. Ewoi alinunua shuka, kesho yake akarudi kuuliza namna ya kulifua, na baadaye akaja mpaka Kakuma kusema limekauka vizuri. Mama yake Adhel, mama Adau, akamwona mara kwa mara kwenye benchi la nyuma kanisani, akaanza kuweka kikombe cha chai cha ziada.

Kisha Ewoi akapata nafasi ya kwenda Ujerumani, mji wa Leipzig, kusomea umeme wa jua. Siku ya kuaga alikaa kibandani kwa Adhel, akavuta uzi mwekundu kutoka kwenye kikapu, akamzungushia shingoni.

"Unanifunga kama mbuzi?"

"Napima. Nataka kukumbuka hii shingo."

"Shingo inakumbukwa kwa macho."

"Macho yangu ni ya kusahau, malaika. Uzi hausahau."

Adhel akapiga fundo kwa mkono wake mwenyewe, fundo lake dogo la mara mbili analomalizia kila ua, akakata kwa meno, Ewoi akautia uzi mfukoni. Hakufikiria tena jambo lile. Nani angefikiria?

Huko ng'ambo Ewoi alimpata rafiki, Lionel, Mrundi aliyekulia Kalobeyei. Ikawa desturi yao: Ijumaa wakimaliza kazi na masomo hupanda basi la bei rahisi na wenzao, huenda mji wa nchi nyingine, hutembea mpaka nyayo ziwake, hula mkate kutoka mkobani, na Jumapili wamerudi.

"Haloo, kipenzi! Leo tuko Viena."

"Juzi ilikuwa Budapesti. Unasoma saa ngapi?"

"Wikendi hakuna masomo. Basi la huku ni rahisi kuliko chakula, na tunalala chumba kimoja watu kumi na soksi zao."

"Mimi nabaki hapa na vumbi langu."

"Hubaki. Kila mji nakutembeza wewe kwanza, ndipo natembea mimi."

"Kwa miguu gani? Mimi kufika Lodwar tu ni kibali. Wewe unavuka nchi kama mtu anavuka laga isiyo na maji."

"Utajua tu, roho yangu."

Adhel aliyaweka maneno hayo kwenye fungu la maneno matamu. Lakini kila picha ilipokuja, daraja hili, kanisa lile, keki ile, aliigeuza simu kifudifudi. Si wivu wa mwanamke. Ni uchungu wa mtu ambaye dunia imemfungia lango, akimwangalia ampendaye akiingia na kutoka. Ndiyo maana fununu ilipokuja ilikuta kiti kimeshafutwa vumbi.

Jioni ya siku ile ya fununu simu iliita.

"Haloo, mala—"

"Mpigie aliyevaa."

"Aliyevaa nini? Adhel?"

Akakata. Akamfungia kwenye simu, WhatsApp na kila mahali. Hakuuliza swali hata moja. Na hapo, wasichana, ndipo nusura aangamie.

Maana alikuwepo Dut. Dut alikuwa mfanyabiashara, malori yake yanapita Lokichoggio kwenda Juba na kurudi. Hakuwa mtu mbaya, ila alipokuja kuzungumza na wajomba alisifu ng'ombe zake kuliko alivyomtazama msichana. Mjomba Wal alikuwa ameahidi kumjibu Jumapili baada ya ibada. Neno la wajomba likishatoka mbele ya wazee, si la kurudishwa kama shati lisilokutosha.

"Waambieni wakubali," Adhel alisema.

Mama Adau akaacha kupepeta mtama. "Binti yangu, huo ni mdomo wako unasema au hasira yako?"

"Vyote ni vyangu, mama."

Mama hakulala vizuri. Mama gani angelala?

Lilibaki jambo moja. Mama yake Ewoi, mama Asekon wa Lodwar, alikuwa ameagiza milaya, na Adhel si mtu wa kula agizo la mtu. Ijumaa alifunga shuka lile, lenye ua jekundu lililofunika damu, akaenda nalo. Alisema moyoni: nampa, namuaga, nimemaliza.

Alimkuta mama Asekon chini ya kivuli cha mikoma karibu na mto Turkwel, anasuka kikapu, shanga zimempanda mpaka kidevuni.

"Ejok, mama."

"Ejok-noi, mwanangu! Mbona umekonda? Kakuma hamli?"

"Tunakula. Nimeleta shuka yako. Mpe mkamwana wako mpya."

"Mpya? Na wa zamani ni yupi?"

Adhel akamwonyesha picha aliyotumiwa na Nyaruach. Mama Asekon aliiangalia simu kwa mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza. Kisha akapiga kelele za hasira.

"Huyu mtoto nitamchapa na miaka yake yote! Nilimwambia, acha hiyo kitu hapa nyumbani. Akasema hapana, mama, Adhel hana pasipoti, hawezi kupanda basi. Alagama yake itatembea badala yake, na siku ya kumvisha nitamwambia miji yote shingo yake imefika. Nikamwambia una wazimu. Akaenda nayo!"

"Alagama ya nani?"

"Ya nani! Ilitengenezwa na fundi wa vyuma hapa hapa Lodwar. Ilipimwa kwa uzi wako. We mtu wa nyuzi, hebu tazama hapo shingoni."

Adhel akaikuza picha kwa vidole viwili. Duara la shaba halikufunga kwenye shingo ya Josiane. Ncha mbili zimeachana kwa nyuma kama milango ya duka. Na begani, juu ya koti la manjano, uzi mwekundu unaning'inia kutoka kwenye alagama, umefungwa fundo dogo la mara mbili.

Alikuwa ameitazama picha ile mpaka akaikariri. Alihesabu meno ya yule msichana. Fundo la mkono wake mwenyewe hakuliona.

Akamfungulia Ewoi kwenye simu, akapiga. Ikapokelewa kabla haijaita vizuri, nyuma kukiwa na kelele za vipaza sauti.

"Adhel? Ni wewe kweli?"

"Uko mji gani leo?"

"Nairobi. Nangoja ndege ya Lodwar ya kesho asubuhi."

"Nairobi?"

"Wenzangu wanakwenda Roma leo. Nimewaacha. Sikujua kosa langu, nikaona nije niulize mlangoni."

Adhel alikaa chini mchangani. "Na Josiane?"

"Anakwenda Roma na mumewe."

"Mume gani?"

"Lionel! Kwani sikukwambia walioana? Ile picha ya darajani Lionel ndiye alipiga... Ngoja. Ngoja kwanza. Adhel, ni ile picha?"

"Ni ile picha."

"Mimi ni punda."

"Usiwatukane punda, wana kazi zao."

Asubuhi alimngoja uwanja wa ndege wa Lodwar, gauni lile lile la kijani, shanga za kuazima za mama Asekon begani. Ewoi akashuka na koti la baridi kwenye jua la Turkana.

"Vua koti, utaiva," alisema Adhel, hajacheka bado. "Kwa nini ulimwachia avae?"

"Aliipora mkobani akaijaribu, tukacheka, Lionel akapiga picha. Nilijua kwetu hiyo si kitu cha kuchezea, nikanyamaza. Nimekosa."

"Sema tena, nilikuwa mbali."

"Nimekosa, malaika."

"Na mimi nimekosa. Sikukuuliza. Tena nimekubali kuolewa."

"Nini?"

"Kesho wajomba wanamjibu Dut. Kimbia."

Jumapili Kakuma, ibada ikaisha, watu wakamwagika uani. Wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki, Dut amevaa suti ya kijivu na viatu vya kumeta, mjomba Wal anasafisha koo. Ndipo Adhel akatembea katikati yao, shingo imenyooka.

"Mjomba, usiseme bado. Ruhusa ya kukubali niliitoa mimi, kwa hasira. Naiondoa mimi, kwa akili. Bwana Dut, hujanikosea kitu. Mimi ndiye nimekukosea, na naomba radhi mbele za watu."

Mama Adau alishika kitambaa chake kwa mikono miwili. Dut akatazama viatu vyake, akamtazama msichana, pengine kwa mara ya kwanza.

"Heri leo kuliko baada ya ng'ombe kufika," alisema, akavua kofia. Mungu ambariki.

Mama Asekon akaingia na mwanawe, na huyo mwanawe akafungua simu mbele ya wazee. Viena: alagama imewekwa kando ya sahani ya keki. Budapesti: iko juu ya jiwe, mto nyuma yake.

"Hapa ulikuwa umechoka," Ewoi alimwambia Adhel, "nikakuketisha."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mjomba Wal hakukubali kulainishwa haraka. "Picha nzuri. Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe wapo wachache, mjomba. Ngamia ni wengi."

"Ngamia? Mdinka atafanya nini na ngamia?"

"Ana shingo ndefu," mama Adau alidakia, "kama mtoto wetu. Chukua, Wal."

Wakacheka mpaka wazee wakacheka. Mazungumzo yalikuwa marefu kama yanavyotakiwa, na Ewoi alirudi kumaliza masomo, lakini neno lilikuwa limekaa. Siku ya harusi, alagama ya shaba ilipopita shingoni kwa Adhel, ncha mbili zilikutana nyuma bila hata nafasi ya kupitisha uzi. Lionel na Josiane walikuja. Wikendi iliyofuata wote wanne, kibali cha Adhel mkononi, walitembelea mji wa kigeni unaoitwa Lodwar. Walitembea mpaka nyayo zikawaka, wakala mkate kutoka mkobani, wakapiga picha kwenye daraja la Turkwel. Safari hii simu aliishika Nyaruach, aliyejialika, na stetasi aliiweka yeye.

Wasichana, na nyinyi wavulana mlioko mbali, epukeni haya:

Kuamini picha kabla ya kuuliza ni nani aliyeishika simu.

Kumfungia mtu kwenye simu siku ileile umekasirika.

Kukubali posa kwa hasira.

Kumwachia rafiki avae kitu cha mwenzako, hata kwa mchezo, hata dakika moja.

Kuwatumia walioko nyumbani picha za madaraja na keki bila kuwauliza wao wameshindaje.

Kuficha jambo jema mpaka lionekane baya.

Kuanza maneno na "mimi sipendi maneno".

Na ukipimwa shingo kwa uzi, usidhani ni mchezo.