Maji Kinywani mwa Waziri

Simu ya waziri ilikuwa imelowa. Asubuhi ile, ofisini Oslo, Synnøve aliipokea mkononi mwa bosi wake akaifuta kwa skafu, na maji yakachuruzika tena kutoka kwenye tundu la chaji, yakinuka mwani uliooza.

"Umeiangusha chooni, Mheshimiwa?"

"Ilikuwa mezani, kavu," alisema Asbjørn Kvalnes, Waziri wa Uvuvi. "Na sikuandika kitu. Nililala mapema, muulize mke wangu."

Lakini nchi nzima ilikuwa imeshasoma. Usiku wa manane, kwenye akaunti yake ya mtandaoni, yalitokea maneno mawili: *Fmbngua mlmbngo.*

Kufikia saa ya kahawa kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wapinzani walisema Mheshimiwa alikuwa chakari. Wafanyabiashara wakanusa siri ya bei ya samaki. Mwalimu mmoja wa Bergen aliapa kuwa hicho ni Kinorwe cha mababu, na vijana wakaanza kuuza fulana. Synnøve, msemaji wa waziri, aliwaambia waandishi kwamba paka aliikanyaga simu.

"Paka gani?" Kvalnes alinong'ona. "Mimi sina paka."

"Leo unaye."

Ndipo simu ya mezani kwa Synnøve ikalia. Alikuwa mwanamke mzee, mwenye lafudhi ya visiwa vya kaskazini.

"Wewe ndiye unayemsingizia paka maneno ya mume wangu?"

"Mama, naongea na nani?"

"Gudveig, mjane wa Mikkel. Jaza maji kinywani, mwanangu, halafu sema 'fungua mlango'."

Synnøve alidhani ni kichaa. Hata hivyo alipiga funda la maji, akasema. Maji yalimtiririka kidevuni, na sauti iliyotoka ilikuwa ndiyo ile ile iliyoandikwa.

"Mikkel alikuwa baharia kwenye boti ya Kvalnes, kabla huyo bosi wako hajaingia kwenye siasa," mzee aliendelea. "Boti ilipozama, alinipigia akisema hivyo hivyo. Kvalnes aliokoka peke yake, akaiambia tume ya uchunguzi kwamba Mikkel alizolewa na wimbi sitahani. Mimi wakaniambia nilisikia kelele za bahari."

Synnøve aliiacha simu wazi akaenda kufunga mlango wa ofisi.

"Mheshimiwa, Mikkel alikuwa wapi?"

Rangi ilimtoka Kvalnes. "Nani kakwambia?"

"Gudveig, yuko kwenye simu. Alikuwa wapi?"

"Nyuma yangu," alisema kwa sauti iliyokaribia kupotea. "Maji yalikuwa yanatufuata. Nilitoka kwenye chumba cha chini cha boti, nikaubana mlango kwa komeo. Niliviona vidole vyake kwenye kioo."

Ko. Ko. Ko.

Synnøve alitazama mlangoni, hakuna mtu. Akatazama kabatini, na sauti ikaendelea, nzito, ya kiganja kilicholowa kikipiga ubao, huku harufu ya mwani ikijaa chumba mpaka macho yakamwasha, na alipomgeukia waziri aliona tai yake ikitikisika kwa kila pigo, kwa maana aliyekuwa akigonga alikuwa akigonga kifuani mwake.

Kvalnes aliikumbatia simu ya mezani. "Gudveig, nisamehe! Mwambie aondoke. Wewe atakusikia, dada yangu, mwambie!"

Kisha mjane akasema, polepole, kama anayemwita mtu mezani:

"Mikkel, mume wangu. Umekaa nje vya kutosha. Ingia."

Mapigo yakakoma.

Kvalnes alisimama wima. Alijifunga vifungo vya koti kwa vidole vizito, visivyolijua koti hilo, akatembea kuelekea ukumbi wa waandishi akipepesuka kama mtu aliyezoea sitaha, na Synnøve akamkimbilia akimvuta mkono, mkono uliokuwa baridi kama samaki wa barafuni, wala hakugeuka, akapanda jukwaani mbele ya kamera zote, akafungua kinywa, na maji ya chumvi yakamwagika juu ya maikrofoni, na baada ya maji ikaja sauti ya kaskazini, ya mtu mwingine kabisa, ikisimulia komeo, kioo, na muda ambao mtu huchukua kufa gizani. Hakuna aliyecheka.

Daktari aliitwa. Mke wa Kvalnes alifika mbio, akamshika mashavu akilia: "Asbjørn! Ni mimi, mpenzi!"

Mtu yule alimtazama kwa upole, akamgeukia Synnøve.

"Mama huyu ni nani?"

Synnøve alirudi nyuma hatua moja.

"Nitafutie usafiri wa kwenda nyumbani, binti. Gudveig ananingoja." Alijipapasa kifua, akatabasamu kwa midomo ya waziri. "Bahari ni baridi sana. Humu kuna joto. Sitoki."