Miavuli Mitatu kwa Watu Wanne

"Shangazi, rudi nyumbani. Maziwa yanamwagika."

Sauti ilitoka ndani ya hereni ya kushoto. Hakuna mwingine aliyeisikia.

Pilipili hakuacha kutabasamu.

Mbele yake wageni waalikwa walikuwa wamesimama juani, shingo juu, wakiitazama ndege kongwe iliyong'arishwa mpaka ukaona meno yako kwenye ubavu wake. Yeye alikuwa amevaa sketi ya bluu na beji ya mtembeza wageni. Chini ya sketi, pajani, kulikuwa na bastola ndogo aina ya Glock. Nyweleni alikuwa amechomeka kalamu ya wanja ambayo haikuwahi kugusa jicho la mtu.

Maana ya maziwa kumwagika aliijua. Acha kazi. Toka uwanjani. Usiulize.

Hakutoka.

"Huyu mnayemwona tunamwita Bikizee," aliwaambia wageni. "Douglas C-54. Alizaliwa vitani, akabeba askari na masanduku ya risasi. Vita vilipoisha wakamng'olea mabenchi ya bati, wakamvisha mapazia, wakamfundisha kugawa chai."

Wageni wakacheka. Bibi mmoja mwenye kofia pana, aliyekuwa na habari za kila mtu pale uwanjani, aliuliza kama ni kweli rubani wa leo ndiye yule yule wa siku ile ya kuvuka bahari. Pilipili akamwambia ni yeye. Siku ile ndipo marubani na mafundi wote wa ndege walikuwa wenyeji kwa mara ya kwanza, na wakaivuka bahari nzima. Mnara wa kuongozea ndege wa ng'ambo uliita mara tatu ukitaka kuzungumza na kapteni. Mara ya tatu akawajibu kwamba wanazungumza naye tangu mwanzo, na kama hawamtaki, mafuta anayo ya kuzunguka juu ya vichwa vyao mpaka wamtake. Leo angeirudia safari ile ile.

Alilosahau kulisema ni kwamba kapteni huyo ni mjomba wake. Ndiye aliyemlea. Na mama yake alikuwa amemwambia asubuhi, huku akimfungia zipu ya sketi, kwamba kaka yake huyo ana kichwa kigumu, basi amwangalie.

"Shangazi, umesikia?" hereni ikauliza.

Alijikuna sikio, akanong'ona. "Sababu?"

"Amri ya juu. Mfadhili ni mgeni wa serikali. Haguswi, hapekuliwi."

"Macho je?"

"Sahau macho."

Macho yenyewe yalikuwa macho ya makombora, vile vioo na mitambo inayokaa puani mwa kombora na kulifanya liione ndege angani. Yalikuwa yameibwa kwenye ghala la jeshi la anga, na Pilipili alikuwa ameyafuata kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kila mlango ulimpeleka kwa mtu mmoja. Tajiri wa kigeni. Mtu wa tabasamu refu na viatu laini, aliyelipia ukarabati wa Bikizee na sherehe yote ya leo. Magazeti yalimwita Mfadhili.

"Mkubwa," alisema Pilipili, "mjomba wangu anapanda ndege hiyo."

"Ndiyo maana nakutoa. Una machozi kazini."

"Sina hata moja."

Akaizima hereni.

Ndipo akamwona Kipara.

Kipara alikuwa fundi mpya. Rubani msaidizi na mafundi wa siku zote wa Kapteni walikuwa wamepewa mapumziko ghafla, kwa wema wa Mfadhili, wakaletwa wawili wengine: Kipara wa injini na Miwani wa kukaa kiti cha rubani msaidizi. Kipara alizunguka ndege, akapangusa hiki, akagonga kile, akaondoa vizuizi vya magurudumu. Kisha akapanda ngazi, tayari kwa safari.

Propela hakuzigusa.

Pilipili aliganda.

Injini za zamani kama zile zina mitungi iliyopangwa duara. Ndege ikilala, oili hushuka na kujaa kwenye mitungi ya chini. Ukiiwasha hivyo hivyo, pistoni inakutana na oili, na chuma kinapinda. Kwa hiyo kabla ya kuwasha lazima uishike propela kwa mikono na kuizungusha, bapa kwa bapa. Alikuwa amelelewa akiona jambo hilo. Kwa mjomba ilikuwa kama kumwamkia mkubwa wako. Fundi wa injini hizi anaweza kusahau jina la mkewe, lakini hili halisahau.

Yule hakuwa fundi wa injini hizi. Kama hakuwa fundi, kule ndani alikuwa anakwenda kufanya nini?

Aliwaambia wageni vinywaji viko tayari chini ya turubai. Kundi lote likageuka kama lililovutwa na kamba.

Yeye akapanda ngazi ya mkia.

Ndani kulinuka rangi mpya na petroli. Viti vya nyuma vilikuwa vimeondolewa, na mahali pake yamefungwa matangi manne ya mafuta ya ziada. Bila hayo, Bikizee asingeweza kufika ng'ambo. Pilipili aliweka kiganja kwenye tangi la kwanza. Baridi. La pili, la tatu, baridi.

La nne lilikuwa na joto la bati lililokaa juani likiwa tupu.

Akafungua kifuniko kikubwa. Sponji. Chini ya sponji, yamepangwa kama mayai kwenye trei, macho ya makombora yalimtazama.

Ilikuwa akili, hilo hakukataa. Nani atampekua bibi kizee siku ya sherehe yake?

Nyuma ya tangi kulikuwa na miavuli ya kurukia. Akaihesabu, akaihesabu tena. Mitatu.

Watakaoruka na ndege ni wanne. Mfadhili, Kipara, Miwani. Na Kapteni.

Hapo hesabu yote ikamkalia kichwani. Katikati ya bahari kuna mahali ambapo rubani akishapapita hana mafuta ya kurudi alikotoka, anaweza kwenda mbele tu. Huko ndiko meli yao ingesubiri. Mzigo ungeshushwa kwa mwavuli wake mkubwa wa mizigo, na wenyewe wangeufuata kwa hii mitatu. Mjomba angebaki na usukani, na tangi la nne lisilo na tone. Kesho redio zingetangaza kwamba mzee aling'ang'ania kuruka akazama na chombo chake. Watu wangetikisa vichwa na kusema, tulijua.

"Ziara ni nje, dada."

Miwani alikuwa amesimama kwenye ujia. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya koti.

"Nilikuwa natafuta choo," alisema Pilipili.

"Kwenye tangi?"

"Nimebanwa sana."

Miwani alitabasamu kidogo, na kutabasamu kule kulimponza. Pilipili alichomoa kalamu ya wanja, akabonyeza kitako chake. Sindano ikaruka na kumganda shingoni. Mtu yule alitoa bastola nusu, akapepesa macho, akateleza chini taratibu kama nguo inayoanguka kwenye kamba. Pilipili alimburuta mpaka chooni, mshono wa sketi ukachanika, akafunga mlango.

Viatu vikasikika kwenye ngazi ya mbele. Viatu laini. Akajibanza nyuma ya pazia.

"Kapteni, tuondoke," ilikuwa sauti ya Mfadhili. "Washa."

"Siwashi," alijibu mjomba.

"Unasemaje?"

"Propela hazijazungushwa. Nimekaa hapa dirishani namwangalia huyo fundi wako. Amezipita kama mtu anayekwepa kusalimia."

Mfadhili alijaribu kwa upole. Alisema wageni wanangoja, kamera zinangoja, hayo mambo yamepitwa na wakati. Kapteni alimjibu kwamba hata yeye mwenyewe amepitwa na wakati, lakini bado anasalimiwa. Halafu Pilipili akasikia mlio anaoujua vizuri kuliko sauti yake. Kizuizi cha usalama cha bastola kikiondolewa.

"Washa."

"Piga," alisema mzee. "Ukishapiga, uwashe mwenyewe."

Pilipili alishika Glock yake kwa nguvu. Akivamia sasa, wako wawili, Mfadhili na Kipara, na mzee yuko katikati. Akangoja.

Mfadhili alipumua kwa hasira. "Kipara! Shuka ukazungushe hivyo vitu. Zote. Na huyo Miwani yuko wapi?"

Kipara akasema labda yuko chooni. Akashuka. Hatua zake zikapotelea nje.

Sasa alibaki mmoja.

Pilipili alivua viatu, akapita ujia wote peku, akatokea mlangoni pa chumba cha rubani.

"Weka chini."

Mfadhili aligeuka nusu tu. Mdomo wa bastola yake aina ya Walther ulikuwa umegusa kisogo cha Kapteni. Alipoona sketi ya bluu, hakushtuka.

"Ah. Shangazi. Si umeitwa nyumbani?"

Basi alijua hata jina lake la redioni. Mtu wa ngazi za juu alikuwa amemuuzia.

"Sijaolewa na ofisi," alisema Pilipili. "Weka chini."

"Wewe weka. Huyu mzee unampenda, inaonekana. Fikiria. Ndege kuukuu, rubani mkuukuu. Nyie hamkuitengeneza, hamkuibuni, mlipewa. Leo nimeilipia mimi. Nani ataililia?"

Kapteni hakugeuka. Aliongea akitazama mbele, uwanjani.

"Walituambia hivyo hivyo wakati ule. Kwanza walisema tubebe mizigo. Halafu tukae kiti cha kulia, cha msaidizi, tusiguse kitu. Tukagusa." Mkono wake ulishuka polepole kando ya kiti. "Pilipili, mwanangu, sogea kushoto."

Alisogea.

Kapteni alivuta wenzo wa kiti na kusukuma kwa miguu yote miwili. Kiti kizito cha chuma kikateleza kwenye reli zake, kikarudi nyuma kwa kishindo na kumpiga Mfadhili magotini. Risasi ikatoboa paa. Kabla hajajiinua, Pilipili alimkanyaga kifundo cha mkono, akampiga kitako cha Glock nyuma ya sikio. Tabasamu refu likalala sakafuni.

"Umeumia, mjomba?"

"Ameitoboa," alisema mzee akitazama paa, na sasa ndipo alipokasirika kweli.

Nje, Kipara alikuwa amekumbatia bapa la propela, anahema. Wageni walimpigia makofi wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Hata mlio wa risasi waliudhania fashifashi. Pilipili alishuka, akamfuata, akamnong'oneza aendelee hivyo hivyo, asiachie mikono. Pingu zikafungwa hapo hapo kwenye bapa. Bibi mwenye kofia alipiga picha, akauliza kama na yeye anaweza kufungwa kidogo.

Mkubwa, yule yule wa hereni, alifika na Land Cruiser mbili, jasho limelowesha kola. Aliona macho ya makombora, akaona miavuli, akaona kamera za waandishi zinamkaribia. Akampigia yule wa juu aliyempa amri asubuhi; simu haikupokelewa.

Alianza kusema kwamba safari imesitishwa.

"Haisitishwi," alisema Pilipili.

"Hiyo ni amri."

"Ile ya asubuhi nayo ilikuwa amri. Wewe tangaza kwamba umewakamata. Sifa chukua zote, mimi sina pa kuziweka. Lakini tangi la nne lijazwe, paa lizibwe, na watu wake wapigiwe simu waje. Bikizee asipovuka leo, huyo jamaa atakaa jela akituambia tulipewa."

Mkubwa aliwatazama waandishi. Akanyoosha tai yake, akaenda kuwaeleza jinsi alivyoongoza operesheni tangu mwanzo.

Jua lilikuwa limeanza kulegea wakati rubani msaidizi na mafundi walipokuja mbio, bado na nguo za nyumbani. Walizungusha propela zote upya, maana aliyoyafanya Kipara hawakuyaamini. Tangi likajazwa. Kapteni alitoa kichwa dirishani.

"Utamwambia nini mama yako?"

"Kwamba nimekuangalia."

"Umwambie nikifika nitapiga simu."

"Mwambie mwenyewe. Mimi akinishika kuhusu hii sketi iliyochanika nitakuwa na yangu."

Mzee alicheka, akafunga dirisha.

Pilipili alibeba viatu mkononi, akaanza kuelekea lango la uwanja, lami ikiwa vuguvugu chini ya nyayo. Nyuma yake injini ya kwanza ilikohoa, ikashika. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kundi likapaza sauti.

Mkubwa alimkimbilia akitaka bastola, hereni na maelezo. Alimuuliza kama hataki hata kuona ikiruka.

"Kuruka ni kazi yake," alisema Pilipili. "Wewe niambie nani alikupigia simu asubuhi."

Mkubwa alimtaja, kwa sauti ndogo.

Pilipili alivaa viatu, akaiwasha hereni, akapita lango. Gari la mtu huyo alikuwa analijua, na hata anapoegesha.