Miti Mitatu Ndani ya Akiki

Siku ya Ijumaa, jengo moja la kuegesha magari katikati ya Tehran hufukuza magari na kugeuka soko. Ghorofa ya tatu, kati ya muuza sahani za shaba na mama mwenye rundo la mazulia, Hormoz alikuwa ametandika kitambaa cheusi na kupanga kazi za mikono yake: mayai ya mawe, vishikizo vya funguo, visahani vya chumvi, vito vya pete visivyotiwa fedha. Hakuwa mfanyabiashara. Siku nyingine zote alichonga meno bandia kwa daktari mmoja. Mawe alijifundisha mwenyewe, kwenye kibaraza cha nyumba yake, na sokoni alikuja ili watu wengine nao wayashike.

Kilichomfanya ainue macho siku hiyo kilikuwa kidole. Mwanamke mwenye mtandio wa buluu iliyokolea na viatu vyeupe vya hospitali aliokota kipande bapa cha akiki ambacho hakijasuguliwa, akalamba ncha ya kidole, akalipaka jiwe mate, kisha akaliinua kwenye taa. Hivyo hufanya watu wa mawe peke yao. Akiki huwa na picha ndani, lakini jiwe kavu halionyeshi kitu.

"Nani kakufundisha hivyo?" Hormoz aliuliza.

"Baba. Alikuwa dereva wa lori, njia ya jangwani, huko Khur. Kila safari anarudi na mfuko wa mawe. Mama akisema iko siku sakafu itabomoka." Aligeuza kipande kidogo kidogo. "Hebu ona. Miti mitatu. Na huyu hapa chini amekaa."

"Hilo ni doa tu."

"Kwako doa. Kwangu anamsubiri mtu. Bei gani?"

"Chukua tu. Mbele yako si kitu."

"Bwana, adabu tuziweke kando. Bei."

"Bado halijawa kitu cha kuuzwa. Likisuguliwa likawa kito cha pete, tutazungumza."

"Basi nisugulie. Lini?"

"Likiwa tayari."

"Jibu la fundi hilo," alisema, akaandika namba yake ya simu kwenye gazeti la kufungia. Jina lake Taraneh, muuguzi wa wodi ya moyo.

Wiki hiyohiyo alipiga simu. "Bwana mhandisi," alimtania, "miti yangu haijambo?"

"Haijambo. Leo nimeikata umbo la yai."

"Na aliyekaa?"

"Bado amekaa."

Ikawa desturi. Alipiga akitoka zamu, sauti ikiwa na uchovu na kicheko pamoja. Ijumaa alipanda ghorofa ya tatu, wakanywa supu nzito ya tambi kwenye bakuli za karatasi, wakawacheka wateja wanaogongagonga mayai ya mawe kwa kucha kana kwamba yana kuku. Katika moja ya Ijumaa hizo Taraneh alimwambia bila kuficha. Alikuwa ameomba kazi Ujerumani. Barua ya ajira ikija, ana siku thelathini za kuitia saini.

"Na unaitaka?" Hormoz aliuliza.

"Niliitaka sana kabla sijapanda ngazi hizi." Alikoroga supu yake. "Mama kanunua vikombe vipya vya chai, vyenye ukingo wa dhahabu. Nikamuuliza, wageni gani wanakuja? Akasema, huwezi jua."

Hormoz alielewa vizuri sana. Mchumba huja kuposa na mama yake, maua na boksi la peremende, na binti ndiye huleta sinia ya chai. Mama yake mwenyewe alikuwa ameshachagua duka la maua. Lakini Hormoz alitaka kwenda na pete pia, na pete ilihitaji lile jiwe.

Na jiwe lina utaratibu wake. Unaanza na msasa wa kukwaruza, kisha laini, kisha laini zaidi, hatua saba, kila hatua ikifuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Ukiruka moja, mkwaruzo unajificha na kujitokeza mwishoni, wakati kila kitu kinang'aa. Hapo unarudi kwenye msasa wa kwanza. Kwa kioo cha kukuzia Hormoz aliona mkwaruzo, akarudi. Akauona mwingine, akarudi. Alirudi mara nne.

Barua ikaja.

"Imefika leo," Taraneh alisema kwenye simu.

Hormoz alikuwa na jiwe mkononi. Aliona si haki kumzuia mtu kwa mikono mitupu. "Hongera," alisema. "Umeihangaikia muda mrefu."

"Ndiyo hayo tu?"

"Jiwe limebaki kidogo."

"Nimekuuliza jiwe, Hormoz?"

Simu ikakatika. Wiki tatu na ushee hakupiga. Hormoz naye hakupiga. Alikuwa anasugua, na kwake kusugua kulikuwa ndiko kujibu.

Alhamisi moja mchana alimaliza hatua ya saba, akapitisha jiwe kwenye kitambaa cha manyoya chenye unga mweupe, akalifuta, akaweka kioo jichoni. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Uso ulikuwa kama maji yaliyotulia. Na ndani hapakuwa na kitu. Picha ya akiki ni tabaka jembamba kama ganda la kitunguu, na yeye, katika kurudi kwake mara nne, alikuwa amelisugua likaisha. Alikijua kitu hicho. Aliwahi kuwaonya wengine.

Kesho yake Taraneh akapanda ngazi. Mtandio ulikuwa uleule wa buluu, uso umepungua. Alisimama mbele ya kitambaa cheusi.

"Nimekuja kuaga jiwe langu," alisema.

Hormoz alifikiria kulificha, kisha akalitoa. Taraneh alilamba kidole kwa mazoea, akapaka, akaliinua kwenye taa. Akaligeuza. Akaligeuza tena.

"Wameenda wapi?"

"Nimewasugua."

"Wote?"

"Kulikuwa na mkwaruzo."

"Uliouona wewe."

"Ndiyo."

"Kwa kioo cha kukuzia."

"Ndiyo. Nilitaka kuja kwenu nalo. Likiwa pete."

Taraneh alikaa kwenye kigoda, taratibu. "Kumbe ulitaka kuja."

"Tangu ulipotaja vikombe."

Alicheka, na kicheko kilipoisha macho yalikuwa yamelowa. "Mimi nikadhani umekataa kwa upole. Mpenzi wangu, ungekuja na kokoto la barabarani. Ungekuja na jino." Alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Leo ni siku ya ishirini na saba. Mwisho Jumatatu."

Akamtazama. Muuza sahani za shaba akajifanya anahesabu vijiko.

"Nipe wiki mbili," Hormoz alisema. "Namjua mtu Khur mwenye mawe kama lile. Safari hii nitapima kila—"

Taraneh aliweka mkono juu ya mkono wake, ule wenye unga mweupe kwenye kucha. "Wiki mbili," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma kipimajoto cha mgonjwa. Kisha akalifumbata jiwe. "Hili bei gani?"

"Chukua tu. Mbele yako si kitu."

Safari hii hakubishana. Alichukua, akashuka ngazi.

Jumatatu alitia saini.

Miezi miwili baadaye, saa tatu asubuhi, simu ya Hormoz ililia kwenye maabara ya meno.

"Uko kwenye meno?"

"Niko kwenye meno."

"Mimi niko uwanja wa ndege. Kuna dirisha kubwa, jua linapiga vizuri. Nimelitoa jiwe. Lina mkwaruzo."

Hormoz aliweka jino chini. "Wapi?"

"Pembeni kushoto. Mwembamba kama unywele."

"Haiwezekani. Lilete nili—"

Akakoma. Nyuma ya Taraneh kulikuwa na sauti za watu na kipaza sauti kinachotaja ndege.

"Sikuwa natafuta kasoro," Taraneh alisema taratibu. "Nimefurahi kuuona. Wananiita, Hormoz."

"Nenda salama."

"Umelisema kwa wakati, hilo."

Simu ilipokufa, Hormoz aliingiza mkono mfukoni, akatoa akiki mpya kutoka Khur, hatua nne zimekwisha. Lilikuwa kavu, halionyeshi kitu. Alilamba ncha ya kidole, akakaa nacho hewani kidogo. Kisha akakifuta kwenye aproni bila kuligusa jiwe.