Hisa za Baba na Suruali ya Mguu Mmoja

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha. Mteja akileta jora la kitambaa, baba hakugusa mkasi kabla ya kuuliza, "Watu wangapi?" Akishajua idadi, ndipo alipokata.

Alipofariki, tulifunika cherehani kwa shuka. Mama alikuwa akipita pembeni yake polepole, kama anapita karibu na mgonjwa aliyelala.

Ukutani kulikuwa na kipande cha gazeti alichokibandika baba mwenyewe. Kiliandikwa, "Faida ya kampuni yapanda." Ni kampuni ya sabuni. Baba alikuwa na hisa zake mia tano. Hisa ni fungu la umiliki. Ukiwa nayo, wewe ni mmoja wa wenye kampuni, hata kama fungu lako ni dogo kama punje.

Wiki ya tano baada ya mazishi ilikuja barua yenye jina la baba. Kampuni ilikuwa inatoa hisa mpya, kila moja shilingi sitini. Wenye hisa wa zamani waliruhusiwa kununua kwanza. Mwisho ulikuwa Ijumaa.

Mama aliisoma mara mbili. Akasema, "Tutauza cherehani."

"Mama!"

"Mama nini? Baba yako alisema hisa zake tusiziache. Nina nini kingine cha kuuza? Masufuria?"

"Nimejifunza kushona kwenye cherehani hiyo."

"Umejifunza kukunja pindo tu."

Alisema kweli. Baba hakuwahi kumaliza kunifundisha.

Mara tukasikia hodi. Alikuwa jirani yetu, mhasibu mstaafu, rafiki wa baba. Alikuja kuulizia suruali yake.

"Ipo," nikasema, "lakini ina mguu mmoja."

"Nipeni hivyo hivyo. Nitasimama kama korongo."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akalia. Alipotulia, akampa mhasibu ile barua.

"Shemeji, mnayo taarifa ya mwaka ya kampuni?" akauliza.

Nikaitoa kwenye droo ya cherehani, chini ya nyuzi za kushonea.

"Faida imepanda," mama akasema. "Si imeandikwa pale ukutani? Kutoka milioni mia mbili hadi mia mbili na arobaini."

"Imepanda kweli. Lakini fundi akiletewa jora, aliuliza nini?"

"Watu wangapi," nikasema.

"Haya. Hapa hisa ni ngapi?"

Hatukujua. Baba naye hakuuliza. Yeye aliyeuliza kila siku ya maisha yake, hapo hakuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mhasibu akachukua chaki ya baba, akaandika juu ya meza ya kukatia. Mwaka juzi, faida milioni mia mbili, hisa milioni hamsini. Ukigawa, ni shilingi nne kwa kila hisa. Mwaka jana, faida milioni mia mbili na arobaini, hisa milioni themanini. Ni shilingi tatu.

"Jora limerefuka," akasema, "lakini watu wameongezeka zaidi. Hii inaitwa faida kwa kila hisa. Chukua faida iliyobaki baada ya kodi, igawe kwa idadi ya hisa."

"Kwa hiyo hisa moja inatuletea shilingi tatu?"

"Hapana, shemeji. Kampuni inaweza kuwagawia sehemu tu, au isigawe kabisa. Sasa chukua bei, sitini, igawe kwa tatu."

"Ishirini."

"Unalipa shilingi ishirini kwa kila shilingi moja ya faida ya mwaka. Mwaka juzi, kwa bei hiyo hiyo, ungelipa kumi na tano. Bei haijasogea, lakini hisa imekuwa ghali."

"Na hizi mpya?"

"Ni milioni ishirini. Zote zitakuwa milioni mia. Faida isipokua, kila hisa itapata shilingi mbili na senti arobaini. Fedha mpya zikizaa faida kubwa, hesabu itageuka. Ndiyo maana tunatazama miaka kadhaa, na kampuni nyingine za sabuni pia. Barua inasema fedha ni za nini?"

Nikasoma. "Kulipa madeni."

Mhasibu akaguna. "Basi si za kununua mashine mpya ya kuzaa faida."

"Mume wangu alijua haya?" mama akauliza.

"Alinionyesha gazeti, akafurahi. Nami nilikuwa na haraka ya suruali."

Kisha mama akasema, "Nisiponunua, nitakuwa nimemkatalia marehemu."

"Alisema msiziache. Hakusema mwongeze. Mia tano zenu zipo. Kaziandikishe kwa jina lako."

Ijumaa ikapita. Hatukununua.

Mwaka uliofuata, faida kwa kila hisa ilikuwa shilingi mbili. Bei ilishuka hadi thelathini na nane. Hatukufurahi, kwa sababu zile mia tano za baba zilishuka pia. Lakini cherehani ilibaki dirishani, na ndiyo inayotulisha.

Ile suruali niliimalizia mimi. Mguu wa kushoto ni mfupi kidogo. Mhasibu huivaa, wala hajawahi kulalamika.

Kipande cha gazeti bado kipo ukutani. Chini yake mama ameandika kwa chaki ya baba, "Watu wangapi?"