Nusu ya Mdogo Mtu

Fundi cherehani mmoja, mimi na yeye chanda na pete, ana miaka tisa hajagusa sigara, tangu amzike kaka yake. Zamani walikuwa wakivuta moja wawili: kaka anaanza, nusu anamwachia mdogo wake kwenye rafu ya stoo.

Juzi mchana aliingia stoo humo, hamna hata dirisha, kuchukua kitambaa. Umeme ukakatika, giza totoro. Akasikia njiti ya kiberiti ikikwaruzwa, kisha kile kikohozi cha kaka.

“Kaka, mimi niliacha,” akasema.

Kinukta chekundu cha moto kikashuka taratibu, toka usawa wa mdomo hadi kwenye rafu. Umeme uliporudi, hapakuwa na mtu. Palikuwa na nusu sigara inafuka moshi, kichungi chake kimelowa mate.