Mkawasi na Kindege cha Manjano

Jina langu ni Mkawasi. Nina miaka saba, na mdomo wangu ni mkubwa kuliko mimi.

Tunakaa karibu na kiwanja cha ndege cha Msorongo. Ni njia moja tu, ndefu, ya udongo mwekundu.

Zamani, wakati wa vita, ndege za kivita ziliruka hapa. Ngurrr! Ngurrr! Watu walijificha chini ya vitanda.

Siku hizi hakuna vita. Watu huja na vindege vyao vidogo. Huruka kwa kujifurahisha tu.

Shangazi Mghoi ni rubani. Kindege chake ni cha manjano.
"Jumamosi nitakupandisha," aliniambia.

Nikawaambia darasa zima. Nikamwambia mwalimu. Nikawaambia hata mbuzi.
"Mimi? Mimi siogopi kitu!"

Jumamosi ikafika. Bibi akanisindikiza mpaka kiwanjani.

"Uko tayari?" Shangazi akauliza.
"Mimi siogopi kitu!" nikajibu. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Akanifunga mkanda. Klik!
Akawasha injini. Brrr-brrr-brrrrrr!

Nikafumba macho. Nikapiga kelele, "Mamaaaa!" Nikapiga mpaka nikachoka.

Kisha nikauliza, "Shangazi, tumefika mawinguni?"
"Bado, mwanangu. Hatujaondoka hata hatua moja."

Nikafumbua jicho moja. Bibi alikuwa pale pale, anatupungia mkono.

"Mimi siogopi kitu," nikasema. "Lakini naomba kushuka."

Nikashuka. Nikasimama nyuma ya Bibi.

"Basi nipandishe mimi," Bibi akasema. Akakaza kilemba chake.

Bibi! Bibi yangu, anayekimbia hata chura!

Brrr-brrr-brrrrrr! Wakapaa. Mimi nikabaki chini, mdomo wazi. Mdomo ule ule mkubwa.

Waliporudi, nikamkimbilia.
"Bibi, hukuogopa?"

"Niliogopa sana!" Bibi akasema. "Nilimshika shangazi yako mpaka akalia, 'Mama, niachie mkono, naendesha!'"

Nikacheka. Kisha nikasema kwa sauti ndogo:
"Shangazi, hata mimi naogopa."

"Asante kwa kuniambia," Shangazi akasema. "Twende polepole."

Klik! Brrr-brrr-brrrrrr!

Magurudumu yakaenda tuku, tuku, tuku. Halafu hakuna tuku tena. Tulikuwa hewani!

Nikafumbua jicho moja. Nikafumbua na la pili.

Nyumba yetu ilikuwa ndogo kama kiberiti. Ng'ombe walikuwa kama maharagwe.

Nikapiga kelele tena. Safari hii ilikuwa kelele ya furaha.

Jioni, Baba alinifunika shuka. Nikamsimulia kila kitu, hata ile "Mamaaaa."

Baba hakucheka. Akakaa kando ya kitanda changu.

"Mkawasi," akanong'ona, "dada yangu huniita kila Jumamosi. Nami humwambia nina kazi nyingi. Kusema kweli, naogopa."

Baba! Baba yangu mrefu, mwenye ndevu!

Nikamshika kidole. "Jumamosi ijayo nitakusindikiza mpaka mlangoni pa ndege."

"Na nikipiga kelele?"

"Piga tu, Baba. Injini ina kelele kukushinda."

Baba akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Nami nikalala usingizi mzito, nikiwa bado nimemshika kidole.