Kifuniko cha Darubini

Giza ndilo lililoharibika kwanza.

Torkil, seremala mstaafu, alikuwa jikoni asubuhi mbele ya kompyuta, kahawa imepoa, mkate mweusi haujaguswa. Siku tatu alikuwa amepiga picha za nebula, lile wingu la gesi lililo mbali huko kwenye nyota: usiku wa kwanza kwa kioo chekundu, wa pili cha kijani, wa tatu cha bluu, ili akiziunganisha zitoe rangi. Mwishoni, kama ilivyo desturi ya wenzake wapiga picha za nyota, aliifunika darubini akapiga picha thelathini za giza tupu. Kompyuta hulitumia giza hilo kufuta chengachenga za kamera.

Sasa giza lenyewe lilikuwa na doa.

"Kifuniko kimetoboka," alisema mkewe, Ingelise, aliyekuwa akikausha vyombo nyuma yake.

"Hakijatoboka. Nilikimulika kwa tochi."

"Basi yaliyotoboka ni macho yako, mzee wangu."

Torkil alifungua picha ya tano, ya kumi. Doa lilikua. Kwenye ya kumi na nane lilikuwa na paji la uso, na harufu ya mwani uliooza ikamjia puani ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa. Kwenye ya ishirini na nne lilikuwa na macho, nayo yalimtazama yeye. Na kwenye ya thelathini mdomo ulikuwa wazi, umeijaza picha nzima, kama mtu anayeomba kufunguliwa mlango, na hapo ndipo ilipomjia akilini kwamba ikiwa kifuniko hakikupitisha kitu, basi kitu hicho kilikuwa tayari ndani ya bomba la darubini, na bomba hilo alilileta mwenyewe chumbani, akalisimamisha upande anaolala Ingelise, aliyepasuliwa moyo majuzi tu.

Alimpenda mwanamke yule kuliko nyota zote za mbinguni.

"Ingelise," alinong'ona bila kugeuka, "humo kwenye darubini mna pepo. Usiiguse. Nitaizika leo leo, na kifuniko chake. Kisivuliwe tu, nakuomba."

Mlio wa vyombo ulikoma.

"Mbona nimeshakivua? Si hiki hapa nakikausha. Nimekiosha, kilijaa alama za vidole." Alisita. "Kwa ndani."

Torkil aligeuka. Mkewe alifungua mdomo aongeze neno, na harufu ya mwani ikatoka humo.